Mchoraji Asiitwe Mwishoni

Wazee wangu, shikamooni. Walimu wangu, watunzi, wachoraji, na ninyi vijana mliojipanga huko nyuma kwenye viti vya plastiki, habari za jioni.

Nimeombwa nizungumzie majarida ya fasihi, kwa kuwa wengi wenu mna nia ya kuanzisha la kwenu, lenye mashairi na michoro. Ningeweza kuanza na bei ya karatasi na wachapaji wanaokuzungusha njoo kesho, lakini hayo mnayajua kuliko mimi. Jioni hii nataka twende Japani, kwenye jarida dogo la mashairi ya haiku liitwalo Hototogisu. Lilianza Januari 1897 katika mji wa Matsuyama, kisiwani Shikoku, kwa nakala 300 tu, na hadi leo linachapishwa. Sababu za kudumu kwake ni nyingi. Mimi nimekuja na moja, ambayo naiona inatuhusu hapa moja kwa moja: wachoraji waliingia katika habari ya jarida lile kabla jarida lenyewe halijazaliwa.

Sisi tumezoea vinginevyo. Mashairi yanakusanywa, yanahaririwa, yanapangwa, halafu mhariri anaona ukurasa wa 14 una nafasi imebaki chini. Hapo ndipo anapopigiwa simu mchoraji: "Ndugu yangu, tuchoree kitu kidogo hapa, mnazi au jahazi." Mchoraji anachora jahazi. Shairi linahusu jahazi, na chini yake jahazi limechorwa. Msomaji amepata kitu kilekile mara mbili, na wala hakuongezewa chochote.

Hototogisu halikuwa hivyo, na ili mwone kwa nini, lazima niwaeleze habari za mtu mmoja aliyelala kitandani.

Jina lake Masaoka Shiki. Alizaliwa Matsuyama mwaka 1867, mwaka mmoja kabla ya utawala wa zamani wa Japani kuanguka na nchi kufunguka kwa mambo ya Ulaya. Mwaka 1889, akiwa bado mwanafunzi, alikohoa damu. Hototogisu ni ndege wa jamii ya kekeo ambaye Wajapani wa kale walisema huimba mpaka koo likatoka damu. Yule kijana akachukua jina la ndege huyo, lisomwalo Shiki kwa namna nyingine ya kuliandika, akalifanya jina lake la utunzi. Miaka minane baadaye rafiki zake wa Matsuyama walipoanzisha jarida chini ya uongozi wake, nalo wakalipa jina la ndege yuleyule. Mhariri wake wa kwanza alikuwa Yanagihara Kyokudō. Mwaka 1898 likahamia Tokyo, mikononi mwa Takahama Kyoshi, mwanafunzi wa Shiki, naye ndiye aliyelikuza.

Turudi nyuma kidogo, 1894. Shiki alikuwa mwandishi wa gazeti la Nippon. Wenye gazeti wakaanzisha gazeti dogo la pembeni, wakampa yeye alihariri, naye akahitaji mchoraji. Akaenda kwa mchoraji mkubwa wa wakati ule, Asai Chū, amtafutie mtu. Asai akamletea mwanafunzi wake, Nakamura Fusetsu, kijana fukara ambaye nguo alizovaa zilimsemea hali yake kabla hajafungua kinywa, na ambaye pia hakuwa akisikia vizuri. Shiki akaitazama michoro yake, akampa kazi.

Hapo ndipo ubishi ulipoanza, na ubishi huo ndio mama wa yote nitakayosema. Shiki alipenda uchoraji wa Kijapani wa jadi. Uchoraji wa Kizungu aliudharau. Alikuwa ameshabishana na Shimomura Izan, rafiki wa kwao Matsuyama aliyekuwa mchoraji na mtunzi wa haiku pia, akidai kwamba picha za kale zilizojaa milima na mawingu zina roho kuliko hizi za kupima vivuli. Sasa kila akikutana na Fusetsu ubishi unaendelea. Fusetsu hakumjibu kwa nadharia. Alimwonyesha vitu: angalia mguu wa huyu mtu kwenye picha hii ya kale, unaweza kusimama juu ya mguu kama huu? Angalia mti huu, umeuona wapi? Baada ya miezi kadhaa Shiki alisalimu amri. Mwenyewe aliyaandika haya mwaka 1901, Fusetsu alipokuwa akijiandaa kusafiri kwenda Ufaransa, na aliyaandika kwa shukrani ya wazi ya mtu anayemtaja mwalimu wake.

Kuna ukoo hapa ambao inafaa tuufuate, maana haya mambo hayakudondoka kutoka mbinguni. Mwaka 1876 serikali ya Japani ilifungua shule ya sanaa chini ya wizara yake ya ujenzi na viwanda, ikamleta mchoraji Mwitaliano, Antonio Fontanesi, afundishe. Alikaa takriban miaka miwili tu, akaondoka kwa ugonjwa. Lakini miongoni mwa wanafunzi wake walikuwa Asai Chū na Koyama Shōtarō. Koyama akafungua shule yake binafsi mjini Tokyo, na humo akapita Fusetsu. Wanafunzi wa shule ile walipelekwa nje na penseli na daftari: nenda mtaani, nenda kwenye mashamba ya pembezoni mwa mji, kaa chini, chora unachokiona. Kibanda kibovu ni somo. Mfereji ni somo. Mama anayeanika mboga ni somo. Wajapani huita kazi hiyo shasei, yaani kuchora kitu kutoka kwenye kitu chenyewe, mbele ya macho yako, si kutoka kwenye picha za waliotangulia.

Shiki akaibeba shasei kutoka mkono wa mchoraji akaitia katika shairi. Kipupwe cha 1894 kilipokaribia, alishika daftari na penseli akawa anatembea vijiji vya karibu na nyumbani kwake Negishi, mtaa wa Tokyo, kwenye mashamba ya mpunga uliokwisha kuvunwa, akiandika haiku kwa namna ileile Fusetsu alivyochora. Mtunzi anatembea na penseli ya mchoraji. Watu husimulia mageuzi ya haiku kana kwamba yalitokea maktabani, na ni kweli Shiki alisoma mno. Alipitia maelfu kwa maelfu ya haiku za kale akazipanga kwa aina zake. Lakini jicho alilipata kwa mchoraji, katika ofisi ya gazeti, kwa kubishana.

Kwa wale wasioifahamu haiku: ni shairi fupi mno, mizani 17, zikigawanyika tano, saba, tano, na ndani yake huwemo neno linalotaja majira ya mwaka. Wakati Shiki anaanza, haiku ilikuwa imechoka. Walimu waliohitimu walikaa vijijini wakitoza ada na kutoa maksi, na mashairi yakawa mzaha wa maneno na mafumbo yaliyosemwa mara elfu. Kilichokosekana kilikuwa kitu chenyewe. Mtu anatunga juu ya ua ambalo hajawahi kuliinamia.

Mwaka 1895 Shiki alilazimisha kwenda China kama mwandishi wa habari za vita, na afya yake haikuruhusu. Mapigano yalikuwa yameshasimama alipofika. Njiani kurudi akatapika damu melini, akashushwa Kobe akiwa mahututi. Kuanzia hapo kifua kikuu kiliingia kwenye uti wa mgongo, na kidogo kidogo mtu yule wa kutembea mashambani akawa mtu wa kulala chini, kwenye nyumba ndogo ya Negishi, akihudumiwa na mama yake Yae na dada yake Ritsu. Ana haiku ya mwaka 1896 ambayo mimi nikiisoma huwa nanyamaza kwanza:

Ikutabi mo
yuki no fukasa o
tazunekeri

Tena na tena
nauliza theluji
imekuwa kina gani.

Theluji yenyewe haionekani katika shairi hili. Yumo mtu asiyeweza kunyanyuka, yumo mwingine anayetumwa dirishani, na limo swali. Mchoraji mzuri anajua jambo hili: kitu kikubwa kuliko vyote katika picha mara nyingine ni kile ulichokiacha bila kukichora.

Madirisha ya nyumba za Kijapani wakati ule yalikuwa ya karatasi. Yanapitisha mwanga, lakini hayaonyeshi kitu. Mgonjwa aliyelala ndani anaona weupe tu. Desemba 1899 Kyoshi, aliyekuwa akiendesha Hototogisu, alileta vioo, akaamuru vitiwe kwenye milango ya chumba cha Shiki inayotazama bustani. Fikirini mhariri wa jarida anafanya nini hapo. Haleti dawa, halipi posho. Anamfungulia mtunzi wake ukurasa. Kuanzia siku hiyo Shiki aliiona bustani yake ndogo akiwa ubavuni: maua, dodoki linalotambaa kwenye kichanja, ndege wanaotua. Na msimu wa mapukutiko uliofuata, Septemba 1900, katika kikao cha watunzi chumbani humo, alitoa shairi ambalo limegombaniwa mpaka leo:

Keitō no
jūshigohon mo
arinubeshi

Keitō pale,
kumi na nne, kumi na tano,
hazikosi kuwapo.

Keitō ni yale maua mekundu yenye umbo la upanga wa jogoo. Ni hayo tu. Anasema yapo, na anakisia idadi. Kyoshi mwenyewe hakuliona la maana. Alipochagua mashairi ya mwalimu wake kwa ajili ya kitabu, hili aliliacha. Washairi wengine, Nagatsuka Takashi na Saitō Mokichi, wakalishikilia kwa nguvu kwamba ni katika yale bora kabisa. Mimi niko upande wa hao wawili. Mtu asiyeweza kusogea anakaza macho kwenye kioo na kuhesabu maua mashina kwa mashina, bila kuyapamba, bila kuyafananisha na damu wala moto. Huko kuhesabu ndiko kunakofanya jasho litoke. Ni kazi ya penseli ile.

Sasa wachoraji. Fusetsu, Izan na Asai wote waliliingia Hototogisu kwa michoro ya jalada na ya ndani. Hawa watu walifundishwa rangi za mafuta na vivuli, na jarida liliwataka mistari myeusi midogo kwenye karatasi ya bei ya kawaida. Walikubali, na wakaifanya michoro hiyo midogo kwa heshima ileile waliyoipa michoro ya ukutani. Nasisitiza hilo kwa wachoraji mliopo: Asai Chū alikuwa mtu mzima mwenye jina, picha yake ya mavuno ya mwaka 1890 ni katika picha maarufu za Japani ya kisasa, na mwaka 1898 aliteuliwa profesa katika shule ya sanaa ya Tokyo. Hakuona jarida la mashairi kuwa ni dogo kwake. Alikuwa jirani wa Shiki pale Negishi, akiingia na kutoka nyumbani mwake.

Nao watunzi waligeukia rangi. Fusetsu alimpa Shiki rangi za maji, na katika mapukutiko ya 1899 yule mgonjwa akaanza kuchora. Alichora amelala ubavu, akiegemea kiwiko. Mwaka 1900 alimpelekea rafiki yake, mwandishi Natsume Sōseki, aliyekuwa akifundisha Kumamoto kusini ya mbali, picha ya ua la aina ya asta lililotiwa katika chombo kidogo. Sōseki aliitunza, na miaka mingi baada ya kifo cha Shiki akaitazama tena na kuiandikia. Aliihesabu: ua moja lililofunguka, vichomozo viwili, majani tisa kwa jumla. Rangi hazizidi tatu. Pembeni Shiki alikuwa ameandika kwamba lionekane kama ua linaloanza kunyauka, na kwamba ubaya wa mchoro ni wa ugonjwa. Akaongeza: ukidhani nasema uongo, egemea kiwiko ujaribu kuchora mwenyewe. Sōseki aliona kitu ambacho hakukiona katika maandishi ya rafiki yake. Kwa kalamu Shiki alikuwa mwepesi, akimaliza jambo kwa pumzi moja. Kwa brashi alikuwa mzito, akitumia saa tano au sita kwa ua moja, na kila jani limepakwa rangi kwa uangalifu wa mtu asiyetaka kudanganya.

Nyie watunzi, hebu chukueni hilo. Mtu bingwa wa kalamu alikubali kuwa mwanafunzi mbele ya ua, kwa chombo asichokimudu. Hilo lilimrudishia kitu katika maandishi. Kiangazi cha 1902, miezi ya mwisho ya uhai wake, alikuwa akiandika safu ya kila siku gazetini kutoka kitandani, na humo alieleza kwamba raha yake kubwa siku hizo ilikuwa kumeza mofini halafu kuchora. Maumivu yakitulia kidogo, matunda yanawekwa karibu na mto wake, au tawi la ua, naye anachora. Alisema kwamba kila akiweka tawi karibu na mto na kulichora kwa uaminifu, siri za uumbaji zinaanza kumfunukia. Siku nyingine aliandika juu ya kutafuta wekundu unaofaa, wekundu uliofifia kidogo, au wenye umanjano ndani yake, na akajiuliza kama Mungu naye alipokuwa akiyatia maua rangi alihangaika na kufurahi namna hiyo.

Michoro hiyo ya mwisho ipo. Ni madaftari ya matunda na ya maua. Lile la maua lilikuwa daftari la Fusetsu mwenyewe. Aliliacha mikononi mwa Shiki aliposafiri kwenda Paris mwaka 1901, kwenda kusoma kwa Jean-Paul Laurens. Shiki akalijaza Agosti 1902. Usiku wa kuamkia tarehe 19 Septemba alifariki, akiwa na umri wa miaka 34. Asubuhi ya tarehe 18 Ritsu na mwanafunzi mwingine wa Shiki, Kawahigashi Hekigotō, walikuwa wamemshikia ubao wenye karatasi na kumchovyea brashi, akaandika haiku tatu juu ya dodoki la bustanini, ambalo maji ya shina lake yalitumika kulainisha makohozi. Mstari kwa mstari, akipumzika katikati. Hata hapo bado anakitazama kitu kilichopo.

Fusetsu alikuwa ng'ambo. Asai alikuwa ametangulia kwenda Ufaransa mwaka 1900 na alirejea mwaka huohuo wa 1902. Sōseki alikuwa London, ambako barua zake alizowaandikia rafiki zake wawili zilikuwa zimechapishwa katika Hototogisu mwaka 1901, na ambako ilimfikia barua ya mwisho ya Shiki ikimwambia kwamba amekwisha, kwamba analia kila siku, na akimwomba amwandikie tena. Sōseki alichelewa, na ukweli huo hakuuficha.

Hebu tazameni kilichotokea baada ya hapo, kwa sababu hapa ndipo naona thamani ya watu kufahamiana kabla ya kufanya kazi pamoja. Watunzi wa Hototogisu walikuwa na kikao ambacho kila mmoja huleta nathari yake isomwe kwa sauti mbele ya wenzake. Desemba 1904 Kyoshi alisoma katika kikao hicho maandishi ya Sōseki, hadithi inayosimuliwa na paka asiye na jina. Waliokuwapo walicheka mpaka machozi. Ikatoka katika toleo la Januari 1905, ikakusudiwa iishie hapo, lakini wasomaji wakaidai, ikaendelea mpaka Agosti 1906. Jarida la haiku likajikuta limezaa riwaya ambayo kila Mjapani anaijua.

Ilipofanywa vitabu, vilikuwa juzuu tatu, kuanzia Oktoba 1905 hadi 1907. Juzuu ya kwanza ilichorwa na Fusetsu, aliyekuwa amerudi kutoka Paris mwaka huohuo. Ya pili na ya tatu zilichorwa na Asai Chū. Majalada yote yalibuniwa na kijana Hashiguchi Goyō, ambaye Sōseki alimjua kupitia kaka yake, aliyekuwa mwanafunzi wake kule Kumamoto, na ambaye alikuwa amechorea Hototogisu kwanza. Goyō baadaye akawa bingwa wa chapa za mbao. Nami nawauliza: nani aliwakusanya hao? Shiki alikuwa amelala kaburini miaka mitatu. Lakini mchoraji wa juzuu ya kwanza alikuwa yule fukara wa 1894, na mchoraji wa juzuu zilizofuata alikuwa yule mwalimu aliyemleta. Mwandishi alikuwa rafiki aliyeshindwa kujibu barua kwa wakati. Katika utangulizi wa juzuu ya pili Sōseki aliitaja barua ile ya Shiki, akakielekeza kitabu kwa marehemu.

Nimesema mengi juu ya Shiki na sijasema kwamba hakuwa wa kwanza kuoanisha haiku na picha. Alijua mwenyewe. Mwaka 1897, mwaka uleule wa toleo la kwanza la Hototogisu, alikuwa akiandika gazetini mfululizo wa makala za kumtetea Yosa Buson, mtunzi wa karne ya kumi na nane aliyeishi kwa kuuza picha zake. Watu walimkumbuka Buson kama mchoraji na kumsahau kama mtunzi. Shiki akamrudisha, na kila Desemba watunzi wa Hototogisu wakawa wanakusanyika nyumbani kwake kumkumbuka. Mkisoma haiku ya Buson ya maua ya haradali, mwezi mashariki, jua magharibi, mnamwona mchoraji akipanga turubai: uwanja wa manjano katikati, mianga miwili pembeni, na hakuna neno la hisia hata moja.

Buson alikuwa na busara moja katika kuchora ambayo nataka muondoke nayo mikononi. Alinakili kwa mkono wake simulizi ya safari mashuhuri ya Bashō, mtunzi aliyemtangulia, kwenye gombo refu, na akachora humo. Bashō amesimulia milima, bahari, visiwa na mahekalu. Mtu mwingine angechora milima, bahari, visiwa na mahekalu. Buson alichora watu, wadogo, katikati ya mwandiko: msafiri anaagana na wenzake, mtu anapiga ala, watoto wanakimbia nyuma ya farasi. Mandhari aliyaachia maneno, kwa kuwa maneno yalikuwa yameshayafanya vizuri. Akayapa macho ya msomaji kile ambacho maneno hayakukaa nacho. Wachoraji wa haiku wa Japani wameishika sana tabia hii: shairi likitaja mwezi, mchoro haulazimiki kuwa na mwezi. Na yule mchoraji wa jahazi chini ya shairi la jahazi, kosa si lake. Aliitwa jioni, kazi imekwisha, akapewa neno moja tu la kufanyia kazi.

Mfano wa mwisho, kisha niwaache. Baada ya Shiki, Kyoshi aliliendesha Hototogisu kwa miongo mingi, alifariki 1959. Chini yake walikuwapo ndugu wawili wa baba mmoja. Mkubwa, Kawabata Ryūshi, alikuwa mchoraji wa picha kubwa mno za mtindo wa Kijapani, naye alitunga haiku na kulichorea jarida majalada. Mdogo, Kawabata Bōsha, alitaka kuwa mchoraji pia, akasoma kwa Kishida Ryūsei. Mwalimu wake alifariki 1929, na Bōsha mwenyewe akapata kifua kikuu cha uti wa mgongo, ugonjwa uleule wa Shiki. Brashi ikamshinda. Ikabaki haiku, na jicho aliloliandaa kwa ajili ya picha likahamia humo lote. Ana shairi juu ya tone moja la umande juu ya jiwe, ambalo amelipa ugumu wa almasi. Tone, jiwe, basi. Mtu aliyewahi kupewa kitu kimoja mezani akachore siku nzima ndiye anayeweza kutunga hivyo. Katika Hototogisu njia ya kutoka kwenye picha kwenda kwenye shairi ilikuwa wazi, na wapita njia hawakuulizwa wanatoka upande gani.

Kwa hiyo, wapendwa, nina ombi kwenu kuhusu jarida lenu. Nimeambiwa kamati itakaa kugawana kazi: mhariri, mweka hazina, msoma prufu, mtu wa kusambaza. Kabla ya mkutano huo, kabla hamjaandika shairi hata moja la toleo la kwanza, tokeni wote pamoja asubuhi moja, watunzi na wachoraji, kila mtunzi na mchoraji mmoja. Nendeni feri wakati samaki wanashushwa, au gereji, au kwa mafundi cherehani. Kila mtu na daftari na penseli, watunzi nao wachore. Kaeni saa nzima mbele ya kitu kimoja. Bishaneni mkirudi. Fusetsu na Shiki walibishana miezi. Halafu ndipo mhariri akae aone ana nini mkononi, na mchoraji awe ameketi kando yake, si upande wa pili wa simu. Jina lake liandikwe kwenye yaliyomo pamoja na watunzi, na kama kuna bahasha ya watunzi, na yake iwepo.

Mzee mwenyekiti, nimemaliza. Kama kuna maswali nipo hapa, na wale watakaotaka kuona picha ya maua yale ya Agosti 1902, ninayo kwenye simu, njooni mbele. Ahsanteni sana.